Mamluki, wanajitolea au wapiganaji wa kujitolea?

SWALI: Ninaandika makala kuhusu Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini vya mwaka 1899 hadi 1902. Wafaransa, Waayalandi, Warusi na wengineo waliotoka kwao kwenda kuwasaidia Makaburu dhidi ya Waingereza niwaite mamluki, au wanajitolea wa kigeni?

JIBU: Mamluki hawakuwa. Neno hilo humhusu anayepigana vita visivyo vyake kwa ajili ya malipo, na wale walioajiriwa Kongo mwaka 1964 chini ya Mike Hoare wanalistahili bila ubishi. Kanali Georges de Villebois-Mareuil, Mfaransa aliyeuawa Boshof tarehe 5 Aprili 1900, hakufuata mshahara. Alifuata imani yake, pamoja na uhasama wa siku nyingi baina ya nchi yake na Uingereza.

Hata hivyo, "wanajitolea" nalo halifai, ingawa siku hizi linaandikwa mno. Katika "wanajeshi" na "wanachama", kinachofuata "wana" ni nomino, yaani jeshi na chama. Katika "wanajitolea" kinachofuata ni kitenzi, na neno zima ni sentensi yenye maana kwamba watu fulani wanajitolea sasa hivi. Andika "wapiganaji wa kujitolea" au, ukitaka kusisitiza tendo lililopita, "wageni waliojitolea kupigana".

Hapo pana mtego mwingine. Kujitolea kwa Kiswahili kunabeba maana ya kutodai ujira, na ndiyo maana neno hilo haliwakai vizuri Wakanada na Waaustralia waliojiandikisha upande wa Uingereza. Hao hawakulazimishwa na mtu, lakini walilipwa, tena walikuwa raia wa himaya iyo hiyo waliyoipigania, kwa hiyo si mamluki wala si wageni kwa maana unayoikusudia. Mimi ningewaita "askari wa hiari".

Jambo la mwisho linahusu maneno yako "waliotoka kwao kwenda". Waayalandi wengi wa kikosi cha John Blake na John MacBride walikuwa tayari wakifanya kazi katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, huko Transvaal, jamhuri ya Makaburu, kabla ya vita kuanza, na Wajerumani wengi waliopigana Elandslaagte chini ya Adolf Schiel walikuwa wakazi wa Transvaal. "Wa kigeni" linawafaa kwa asili yao. "Waliotoka ng'ambo kuja vitani" uwaachie akina Villebois-Mareuil.