Ukichaguliwa kamati ya zahanati, omba uonyeshwe leja

Jamani nimeona niandike hili kwa kirefu maana kila mara mtu akichaguliwa kwenye kamati ya zahanati ananipigia anauliza aanzie wapi, na kusema kweli wengi hawaelekezwi vya kutosha, jina lako linatajwa kwenye mkutano wa kijiji, watu wanapiga makofi, basi umeshakuwa mjumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Mimi nimo kwenye kamati ya zahanati ya kijiji chetu huku Moshi Vijijini, upande wa mlimani, na zahanati siitaji jina kwa sababu sijaja hapa kumsema mtu. Nina duka la pembejeo kwa hiyo mambo ya stoo na madaftari nimeyazoea, na ndo hayo hayo yaliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kwanza elewa kwa nini kamati ina uzito. Zamani pesa za zahanati zilikuwa zinakaa halmashauri, zahanati inaomba, inasubiri, mwaka unaisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali ilianza kupeleka pesa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, yaani zile za Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wafadhili, na humo humo kuna makusanyo ya papo kwa papo, yaani pesa taslimu wanazolipa wagonjwa, na malipo ya bima. Sasa zahanati ndogo ya kijijini ina akaunti yake, ina mpango wake wa mwaka na bajeti yake, na huo mpango kamati ndiyo inatakiwa kuujadili na kuupitisha. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ni katibu wenu, sio bosi wenu, na nyie sio mabosi wake pia, hili la pili watu wanalisahau sana. Wajumbe wengi nimekutana nao wako kamati miaka na hawajawahi kuona hata karatasi moja ya mapato na matumizi, wanaitwa kusaini muhtasari basi wanasaini.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujafungua mdomo kuhusu dawa, omba uonyeshwe leja ya stoo, yaani kumbukumbu za dawa zilizoingia na zilizotoka.

Nawaambia hivi kwa sababu malalamiko namba moja kila kijiji ni "hakuna dawa", na likishasemwa hilo la pili yake inakuja fasta, "zimeuzwa". Inawezekana zimeuzwa, sikatai, wizi upo, ndo maana vidonge vingi vya MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, vimepigwa alama ya GOT (Serikali ya Tanzania) ili ukivikuta duka la mtu ujue ni mali ya umma. Lakini dawa inaweza kukosekana kwa sababu nyingine nyingi na kila sababu ina mlango wake wa kugonga, ukigonga mlango ambao sio unapoteza mwaka mzima na umemchafua mtu bure.

Niwape mfano wa kwetu. Huku juu kuanzia Juni mpaka Agosti ni baridi kweli kweli, ukungu unashuka mpaka mchana, na watoto ndo wanaumwa vifua. Na kila ikifika Julai amoksilini ya watoto, ile inayoyeyushwa kwenye maji, inaisha. Kina mama wanaandikiwa wakanunue dukani na wengine wanashuka nao mpaka hospitali ya mkoa ya Mawenzi kwa kitu ambacho kingemalizwa hapo hapo kijijini. Kijiji kizima kilikuwa na jibu lake kuhusu dawa zinakoenda. Tulipokaa na mganga tukafungua kadi ya ile dawa, zile kadi zinazokaa stoo kila dawa na yake, zina tarehe, kilichopokelewa, kilichotoka, kilichobaki, hesabu ilikuwa inakubali mstari kwa mstari. Dawa zilikuja, zikatoka, na ukienda kwenye rejista ya wagonjwa unawaona hao watoto. Tatizo lilikuwa kwenye oda. Oda inapigwa kwa kuangalia matumizi ya miezi iliyopita, sasa ile inayotakiwa kufika kabla ya baridi inapigwa kwa matumizi ya miezi ya joto, lazima ipungue. Halafu kuna jambo baya zaidi, dawa ikiisha katikati ya mwezi kadi inaonyesha matumizi madogo, kwa sababu huwezi kutoa ambacho hakipo, na usipohesabu zile siku ambazo dawa haikuwepo oda inayofuata inakuwa ndogo tena. Yaani upungufu unazaa upungufu, na hakuna mwizi hapo.

Hilo hata mganga alikuwa analijua, ila alikuwa na nesi mmoja, mchana kutwa anaona wagonjwa na kuzalisha, fomu za oda anajaza usiku akiwa amechoka. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba oda ya kabla ya baridi iangalie matumizi ya Juni na Julai mwaka uliopita na siku za kukosa dawa zihesabiwe, tukasaini, nakala ikaenda kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Mambo yakabadilika, sio asilimia mia lakini mama anayekuja na mtoto anayehema kwa shida sasa ana uwezekano mkubwa wa kuondoka na dawa mkononi.

Kwa hiyo mkisikia hakuna dawa ulizeni kwa mpangilio. Je iliagizwa? Iliagizwa lini na kiasi gani? MSD walileta kiasi gani kati ya kilichoagizwa, maana hati ya kupokelea inaonyesha? Kama MSD hawakuwa nayo, je kituo kilikwenda kwa mshitiri? Hili la mshitiri wananchi wengi hawalijui kabisa. Kuna utaratibu unaitwa Jazia, ulianza majaribio Dodoma 2014 ukaja kusambaa nchi nzima, kwamba MSD wakikosa bidhaa wanatoa taarifa kwamba haipo, na kituo kinaruhusiwa kununua kwa msambazaji aliyeteuliwa wa mkoa kwa bei zilizokubaliwa, kwa pesa zake chenyewe. Sasa kama pesa ipo kwenye akaunti, MSD wamesema hawana, na oda ya mshitiri haijaenda, hapo mna swali halali kabisa la kumuuliza katibu wenu. Na kama oda imekwenda na imekaa mezani kwa mtu huko halmashauri, swali linahamia huko na mganga wenu anakuwa upande wenu.

Siku MSD wanaleta mzigo mjumbe awepo. Narudia, awepo. Sisi Moshi tuna bahati ghala la kanda lipo hapa hapa mjini lakini gari linazunguka vituo vingi, siku nyingine linafika jioni, dereva ana haraka, kuna mvua, na anasema sainini tu mtahesabu kesho. Msisaini. Kuna jioni hati ilisema katoni za glavu kadhaa na zilizoshushwa zilikuwa pungufu, nesi wa watu amechoka anataka kufunga arudi kwa wanawe, tukawasha tochi za simu tukahesabu upya moja moja kwenye kibaraza, tukaangalia na tarehe za kuisha muda, tukaandika upungufu kwenye ile hati na dereva akasaini mbele yetu. Mzigo uliobaki tulikuja kuletewa. Tungesaini kwanza ule upungufu ungekuwa wa mganga, na kesho yake kijijini angeitwa mwizi wa glavu. Siku hizi MSD wanasambaza kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo sio kazi ya kila siku, pangeni zamu tu, na chagueni mtu anayesoma bila shida na asiyeogopa kumwambia dereva asubiri.

Hapo kwenye pesa sitakaa sana. Omba taarifa ya robo mwaka ya mapato na matumizi, na ombeni ibandikwe kwenye ubao pale nje. Ikibandikwa tu maneno mengi yanaisha yenyewe.

Jambo ambalo linaniuma na kamati nyingi haziligusi ni wazee. Huku kwetu vijana wako Dar, Arusha, wengine Kenya, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, amebaki bibi peke yake na mbuzi wawili. Sera ya afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, na vituo vingi vina tangazo ukutani la kuwapisha wazee kwanza. Lakini fika dirishani uone. Bibi mmoja jirani yangu alikwenda kituo kikubwa zaidi, siyo hiki chetu, kitambulisho cha msamaha anacho, akaambiwa anunue daftari, akaambiwa na glavu anunue, dawa ya presha haipo, akarudi nyumbani kwa miguu na karatasi. Alipofika akaniambia mwanangu mimi siendi tena, nitakufa hapa hapa. Mtu mzima kama yule amelea watoto wa kijiji kizima!

Kwa hiyo kamati itengeneze orodha. Mwenyekiti wa kijiji na mabalozi wanawajua wazee wote nyumba kwa nyumba, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanawajua, kaeni nao mwandike nani hana kitambulisho, nani haoni vizuri, nani anakunywa dawa za presha au sukari kila siku na hana wa kumfuatia. Hiyo orodha ipitie kwa mtendaji wa kijiji iende kwa afisa ustawi wa jamii, maana yeye ndiye anayeshughulika na misamaha. Msimsubiri aje, ustawi wa jamii wako wachache mno na kata ni nyingi, mpelekeeni kazi ikiwa imeshaiva. Na mzee akinyanyaswa dirishani mjumbe aandike siku hiyo hiyo, tarehe, dirisha gani, aliambiwa nini kwa maneno yale yale, apeleke kwa mfawidhi wa kituo husika. Malalamiko ya "wanatunyanyasa tu" hayafiki mbali, ya tarehe na dirisha yanafika.

Kama mmeuliza kwa adabu na majibu hayaji, kuna ngazi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, taarifa ya zahanati iwe ajenda pale. Halafu diwani, yeye anaingia baraza la madiwani ambalo nalo linakaa kila robo mwaka, na vikao vya baraza ni vya wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza. Mimi nimekwenda kukaa. Diwani akijua umo ukumbini na ile karatasi uliyompa anayo mfukoni, anauliza swali lako. Mkinyimwa taarifa ya matumizi kabisa kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, unaandika barua unataja unachotaka, wana siku 30 za kukujibu, na nakala ya barua yako hakikisha imepigwa muhuri wa kupokelewa, bila muhuri ni maneno tu. Ikiwa ni rushwa ya wazi, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa 113. Na ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya serikali za mitaa ikitoka kila Aprili, itafuteni halmashauri yenu humo, iko wazi mtandaoni, mwombe kijana yeyote wa kidato cha nne akutafutie kwenye simu.

Ila tafadhali sana msiipeleke ishu kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kabla hamjaona karatasi. Nimeona mhudumu mzuri akiomba uhamisho kwa sababu ya voisi moja ya mtu aliyekuwa hata hajakanyaga zahanati, na nafasi yake ikakaa wazi muda mrefu, wajawazito wakawa wanashuka na bodaboda usiku kwenye mteremko na utelezi.

Neno kwa ndugu zetu wa mjini mnaorudi Desemba. Mnakuja na moyo, mnachanga, mwaka mmoja mnaleta magodoro, mwaka mwingine mashine ya kupimia presha, tunawashukuru sana. Lakini ulizeni kamati kwanza kwenye mpango wa mwaka kuna nini, kwa sababu wakati nyie mko nyumbani ndo wakati bajeti za mwaka unaofuata zinaandaliwa, ule unaoanza Julai. Mwaka fulani tuliletewa vitanda vizuri vya kulazia wagonjwa, na zahanati hailazi, vikakaa stoo vinabana dawa, wakati tangi la maji lilikuwa limepasuka na chumba cha kujifungulia hakina maji. Mtu mwenye elimu ya uhasibu au ya dawa akija likizo akae na kamati asubuhi moja tu, atufundishe kusoma taarifa ya mapato na matumizi, hilo mimi nalitaka kuliko godoro.

Na wewe uliyechaguliwa juzi, kabla ya kikao chako cha kwanza mpigie mganga, msalimie, mwambie dokta naomba nije asubuhi wagonjwa wakiwa wachache unionyeshe stoo. Nenda na daftari lako. Chagua dawa tano tu ambazo kijiji kinazililia, kwetu ni amoksilini ya watoto, dawa mseto ya malaria, vipimo vya malaria, ORS na zinki, na ile sindano ya kuzuia damu kwa mama aliyejifungua. Kwa kila moja hesabu iliyopo kwenye shelfu, linganisha na kadi, kisha linganisha na hati ya mwisho ya MSD. Hesabu zikigoma kukubaliana muulize hapo hapo, mara nyingi anayo maelezo, kuna iliyohamishiwa chumba cha kujifungulia haijaandikwa au kuna iliyoazimwa zahanati ya jirani. Kama maelezo hayapo, andika kwenye daftari lako mwonyeshe ulichoandika, halafu kikao kikija omba hilo liwe ajenda ya kwanza kabla ya mengineyo.