Hakimu Mkazi ni mkazi wa wapi?

Mkuu, umeuliza kwa nini samansi ya dada yako inasema "Hakimu Mkazi" wakati hakimu mwenyewe kahamia Arusha mwezi uliopita. Nimekaa masijala ya mahakama hapahapa Arusha miaka tisa, na hilo swali nililiulizwa dirishani mpaka nikalizoea.

Kuna mzee wa Kimeru aligoma kabisa: "Mkazi ni mimi, boma letu liko Poli tangu enzi za babu. Huyu kaja juzi kutoka Bukoba, ukazi kaupata lini?" Hakimu alipohadithiwa alicheka, akasema mzee abaki na ukazi wake, yeye amwachie kesi tu.

"Mkazi" hapo ni jina la cheo. Wakati wa Mwingereza, DC ndiye aliyeendesha wilaya na huyohuyo akaamua kesi. Hakimu mkazi alikuwa mtu mwingine, mwanasheria wa kazi hiyo. Mwingereza kaondoka, jina limebaki, na leo limo kwenye Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Hakimu mkazi ana shahada ya sheria, na unaweza kumkuta hata mahakama ya mwanzo. Akihamishiwa Songea kesho, anahama na cheo chake.

Usichanganye na "mfawidhi". Huyo ndiye mwenye dhamana ya kituo, ndiyo maana kuna Hakimu Mkazi Mfawidhi, na hospitalini Mganga Mfawidhi. Nakala ya hukumu ikichelewa, barua andika kwa Mfawidhi. Wengi walikuwa wanaiandika kwa hakimu wa kesi, halafu wanashangaa kimya.

Ukitaka ukazi wa kweli, tazama Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iko hapahapa mjini. Majaji ni 11, lakini Rais wao peke yake ndiye wa muda wote na anatakiwa kuishi makao makuu. Wenzake huja kwenye vikao. Sijawahi kusikia mtu akimwita Jaji Mkazi! Mwakilishi Mkazi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, angalau jina linafanana na maisha yake, kwa sababu anakaa nchini.

Dada akifika asiulize "yule hakimu mgeni". Ataje namba ya kesi. Hakimu akihama jalada hubaki, linapangiwa mwingine.