“Although” na “but” hazikai pamoja: vielezi na viunganishi katika Kiingereza cha kila siku

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia vijana waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili na baadaye kutakiwa waandike barua, insha na ripoti kwa Kiingereza. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote halihusu msamiati wala tahajia, bali linahusu mahali ambapo vishazi viwili vinaungana. Kijana anaweza kuwa na maneno ya kutosha, na nyakati za vitenzi akawa anazijua vizuri, lakini akifika kwenye kiungo hicho anakijenga kwa mpango wa Kiswahili, na msomaji hukwama hapo hapo.

Chukua sentensi hii iliyokuwa katika barua ya kuomba kazi: “Although I do not have experience, but I am ready to learn.” Aliyeiandika alikuwa amefikiri sawasawa kabisa: ingawa sina uzoefu, lakini niko tayari kujifunza. Kwa Kiswahili cha kila siku, “ingawa” na “lakini” hufuatana bila mtu kushtuka. Kiingereza sanifu hakikubali hivyo, kwa sababu “although” ikishakifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, kazi ya kuunganisha imekwisha, na “but” inayofuata haina tena vishazi viwili huru vya kuunga. Kwa hiyo mwandishi hana budi kuchagua: ama aandike “Although I do not have experience, I am ready to learn,” ama aandike “I do not have experience, but I am ready to learn.” Kwa barua ya kazi mimi humshauri achague ile ya kwanza, kwa kuwa inakishusha cheo kishazi chenye udhaifu na kukiacha kile cha utayari kisimame chenyewe kama kishazi kikuu.

Hapa ndipo kielezi kinapoingia, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayejifunza alishike. Kiingereza kinakataa viunganishi viwili kwa kazi moja, lakini kinakubali kiunganishi kikae na kielezi. Ukihisi kwamba sentensi yako imepungukiwa na ule uzito wa “lakini” katikati, usiirudishe “but”. Tia kielezi ndani ya kishazi kikuu. “Although it was raining, we still went to the market.” “Although she was tired, she nevertheless finished the report.” Maneno “still” na “nevertheless” hayaungi chochote, yanasisitiza tu kwamba jambo la pili lilitendeka licha ya la kwanza. Hata hivyo, yachaguliwe kwa uangalifu. Katika ile barua ya kazi, “I am still ready to learn” ingeweza kusomeka kana kwamba mwombaji alikuwa tayari tangu zamani na utayari huo haujamwisha, ilhali sicho alichokusudia.

Sheria hiyo hiyo inaeleza sentensi nyingine ambayo tunaisikia kila siku Afrika Mashariki: “Because I was sick, that is why I did not come.” Ni “kwa sababu nilikuwa mgonjwa, ndiyo maana sikuja,” Kiswahili kisicho na dosari. Kwa Kiingereza inatosha kusema “I did not come because I was sick,” au “I was sick, so I did not come.” Wanafunzi huniuliza kwa nini basi “if” na “then” zinaruhusiwa kwenda pamoja. Jibu ni kwamba “then” ni kielezi. Katika “If he calls, then tell him the truth,” kiunganishi ni kimoja, nacho ni “if”.

Utawezaje kutambua kama neno ni kiunganishi au kielezi wakati maana zake zinakaribiana? Jaribu kulihamisha. “But” haihamishiki, lazima ikae mwanzoni mwa kishazi chake. “However” inahamishika: “However, the manager refused,” “The manager, however, refused,” “The manager refused, however.” Neno linalotembea namna hiyo ni kielezi, na ndiyo sababu haliwezi peke yake kufunga vishazi viwili. Ukiandika “I applied for leave, however, the manager refused,” umeweka mkato mahali panapohitaji nukta au nukta mkato. Andika “I applied for leave; however, the manager refused.” Ninalisisitiza hili kwa sababu kosa hilo linapatikana hata katika ripoti za watu wenye shahada, na linasahihishwa kwa alama moja tu. Kwa vishazi vyenye hadhi sawa, viunganishi ni vichache mno, na vinavyofundishwa kwa kawaida ni saba: “for”, “and”, “nor”, “but”, “or”, “yet” na “so”.

Viunganishi hivyo hupenda kuandamana na vielezi, ilimradi kila neno liwe na kazi yake. “And then” inaunganisha na kuonyesha mfuatano, “and therefore” inaunganisha na kutaja matokeo, na “or else” hutumika sana katika maonyo: “Hurry up, or else we will miss the bus.” Ila “but however” na “so therefore” hurudia maana ile ile mara mbili, futa neno moja.

“Bado” nayo inahitaji uangalifu. Kiswahili kinatumia neno hilo moja mahali ambapo Kiingereza kina “still” na “yet”, na nafasi zake ni tofauti. Mtu aliyekopa pesa akakawia kulipa unaweza kumsema hivi: “He promised, but he hasn’t paid yet.” Hapo unatoa taarifa tu, na “yet” imekaa mwishoni. Ukisema “He promised, but he still hasn’t paid,” kielezi kimetangulia kitenzi kisaidizi, na anayesikiliza anatambua kwamba umechoka kungoja.

Viunganishi vya wakati vina mtego wake, nao unatoka ndani ya vitenzi vyetu. Sisi husema “nipigie kabla hujaondoka,” kwa kitenzi kilichokanushwa, na mwanafunzi huandika “Call me before you have not left.” Kiingereza hakikanushi baada ya “before”: “Call me before you leave.” Vivyo hivyo “nitakapofika” imebeba wakati ujao, ndiyo maana tunaandika “When I will arrive, I will call you.” Baada ya “when”, “until” na “as soon as” za namna hii, Kiingereza hutumia wakati uliopo: “As soon as I arrive, I will call you.” Mitihani inapenda kuigeuza sentensi ya aina hiyo kuwa “No sooner had we sat down than the lights went out.” Ijue, na ukumbuke kwamba “than” imekuja kwa sababu “sooner” ni neno la kulinganisha, ilhali “hardly” na “scarcely” hufuatwa na “when”, lakini katika mazungumzo tumia “as soon as”.

Nimalizie na “even”. Tunasema “hata ukimwambia, hasikii,” na kiambishi “-ki-” kinafanya kazi ya kuunganisha kimyakimya ndani ya kitenzi. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi kama hicho, kwa hiyo “Even you tell him, he doesn’t listen” inabaki bila kiunganishi, kwa kuwa “even” ni kielezi tu. Lazima ipewe mwenzake: “Even if you tell him, he doesn’t listen.” Ukisema “even if he is rich,” hujathibitisha kwamba ana mali; ukisema “even though he is rich,” umekwisha kukiri kwamba anayo. Katika barua ya madai au maelezo ya polisi, tofauti hiyo si ndogo: anayeandika “even though I signed the form” amekubali kwamba saini ni yake.