Kile kiwanja cha Mtongwe

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Wauliza kama uiache kazi ya Nairobi, yenye mshahara mzuri na saa mbili za foleni barabarani kila siku, urudi Mombasa kwenye kazi ndogo, kwa kuwa umeipekua siku yako nzima na hukuona ndani yake saa moja unayoifurahia.

Mimi nitakujibu habari ya mihogo.

Nilipokuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, mkubwa wetu alinipa saa za ziada za kila Ijumaa jioni, nami nikazikataa, kwa sababu Ijumaa mamako alikuwa akivuka feri kutoka Likoni, nawe umo mgongoni, tukakutana ufukweni Mama Ngina chini ya mibuyu, tukala mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, huku meli zikipita mbele yetu kuingia bandarini, karibu mno hata mabaharia tukiwaona wakitupungia mkono. Kusi ikivuma, mamako alishika buibui kwa mkono huu na muhogo kwa mkono huu, akicheka. Jioni haiwekwi akiba, mwanangu. Nilisema hivyo wakati ule na leo nasema vivyo hivyo.

Lakini nisijipambe. Fedha za Ijumaa zile ndizo zingalinunua kile kiwanja cha Mtongwe alichokitamani mamako, ambacho leo, kama ujuavyo, kina ghorofa ya mtu mwingine. Hakunilaumu hata siku moja, ila kila tulipopita pale alinyamaza mpaka tukaivuka ile kona, na kimya kile kingali kikiniuma. Nilipomkatalia mkubwa sikumshauri mamako. Nilidhani furaha yangu ndiyo yake. Hata hivyo, ningalikuwa na ghorofa ile leo, ningalikaa ndani yake na nani, naye hayupo? Jioni haiwekwi akiba. Wala kiwanja hakirudi bei yake ya zamani, na hilo nalo ni kweli.

Basi uamuzi nakuachia wewe, ingawa neno "rudi" nimeshaliandika na kulifuta mara mbili katika karatasi hii. Ila kuna jambo hukulitaja popote katika barua yako, nami nataka unijibu kabla hujaandika ya kuacha kazi: mumeo asemaje?

Mimi babako.