Kosa "dogo" lenye kifungo cha miaka mitano

SWALI: Wakili, kaka yangu alipigana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba hapa Nakuru. Ameshtakiwa chini ya kifungu cha 251. Polisi walisema ni kosa dogo, lakini nasikia kifungo ni miaka mitano. Udogo wake uko wapi? Na atafungwa miaka yote hiyo?

JIBU: Pole sana, dada. Polisi hawakukudanganya. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinatazama kwanza jina ambalo sheria imelipa kosa. Likiitwa dogo, ni dogo. Lisipopewa jina ndipo huangaliwa adhabu: kifo, au kifungo kuanzia miaka mitatu, hulifanya kuwa kubwa. Kifungu cha 251, yaani kushambulia mtu na kumwumiza, kinataja wazi kwamba hili ni kosa dogo, kisha kinaweka miaka mitano. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, ni kosa kubwa ingawa kifungo chake ni miaka mitatu. Mimi naona mpangilio huu unawachanganya wananchi bure, lakini ndio sheria.

Hata hivyo, msilidharau hilo jina. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, Sura ya 75, kinamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika makosa ya watu binafsi yasiyofikia daraja la kosa kubwa, hata kwa kulipana fidia. Kesi ya majirani waliogombania mpaka inafaa kabisa hapo. Lakini mpatane mbele ya mahakama. Msipeleke pesa kituoni.

Someni pia fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha. Daktari akiandika kwamba majeraha ni mabaya sana, shtaka laweza kugeuzwa kuwa la kifungu cha 234. Hilo ni kosa kubwa, adhabu yake yafika kifungo cha maisha, na mlango wa 176 hufungwa.

Miaka mitano ni kikomo tu. Kifungu cha 26 cha Kanuni ya Adhabu kinamruhusu hakimu kupunguza, au kutoza faini badala ya jela. Akiona miaka mitatu au pungufu inatosha, sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inampa nafasi ya kuamuru huduma hiyo, yaani kazi ya umma bila malipo, badala ya jela.

Kama jirani yuko tayari kusikilizana, kaka yako amwambie hakimu mapema, kabla mashahidi hawajaanza kuitwa.