Barbados siku saba na watoto: amua upande wa kisiwa kwanza

Dada, umeuliza kama wiki moja ya mwezi wa sita inatosha kutembelea Barbados na Saint Lucia, visiwa viwili vya Karibi, kwa pamoja, mkitokea Toronto na watoto wawili. Nimekwenda Barbados mara mbili na familia yangu, nasi tukitokea hukohuko Canada. Saint Lucia iacheni safari hii. Ukitoa siku ya kufika na ya kuondoka zinabaki tano, na kuhama kisiwa kutakula moja nyingine.

Kabla hujatazama hoteli yoyote, amua mtalala upande gani. Kisiwa ni kidogo, kilomita 34 kwa 23 hivi, lakini bahari yake haifanani. Magharibi, kuanzia Holetown kupanda Speightstown, maji yametulia. Kusini, pande za Worthing na Dover, kuna mawimbi ya kiasi na vyakula vya bei nafuu viko karibu. Mashariki, kule Bathsheba, ni Atlantiki yenyewe: pazuri mno kutazama, ila si pa kuogelea.

Mimi nilikosea hapo. Safari ya kwanza nililipia nyumba upande wa mashariki, bei ilikuwa chini na picha zilinivutia. Tukakuta ufukwe umefunikwa na sagasamu, mwani wa kahawia unaoelea, ambao ukioza hunuka kama mayai viza. Tangu 2011 umekuwa ukiingia Karibi kwa wingi, hasa kati ya Machi na Agosti, na kwa kuwa upepo huvuma kutoka mashariki, pwani ya huko ndiyo inayoupokea. Binti yangu wa miaka sita alikaa siku mbili hajagusa maji. Iliniuma sana. Mwenye nyumba hakurudisha hela, tukahamia magharibi na kulipa upya. Nyinyi mnakwenda Juni, kwa hiyo tafuteni magharibi, au karibu na ufukwe wa Carlisle Bay pale Bridgetown, mji mkuu. Halafu msimu wa vimbunga huanza Juni mosi. Lipieni bima ya safari na chumba kinachoruhusu kughairi.

Kitu kitakachokushangaza kama umekulia pwani: maji hayapwi sana. Mimi ni wa Tanga, nimezoea kuuliza bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, ni lini ndipo nipange kuoga. Kule tofauti ya kupwa na kujaa haifiki mita moja, watoto wanaingia majini saa yoyote. Na fukwe zote ni za umma, hata zile zilizo mbele ya hoteli kubwa, kwa hiyo lala pa bei ya wastani uende kuogelea popote. Carlisle Bay nendeni asubuhi. Kuna kasa na meli zilizozama kwenye kina kifupi, unaziona kwa miwani ya kuogelea tu.

Watoto waonye juu ya mti unaoitwa manchineel. Tunda lake linafanana na tufaha dogo la kijani na ni sumu, utomvu wake unababua ngozi. Mvua ikinyesha msijikinge chini yake. Mingi imepakwa alama nyekundu shinani. Na msifungashe nguo za mabaka ya jeshi, hata za mtoto; sheria ya kule inazikataza kwa raia.

Dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani. Nauli ya basi ni 3.50 ya kwao kokote uendako. Teksi hazina mita, patana kabla hujapanda.

Ijumaa jioni msikose Oistins, soko la wavuvi. Wakikuandikia "dolphin" usiogope, si pomboo, ni samaki aitwaye fulusi. Ulizeni pia samaki panzi na cou-cou, ugali wa mahindi uliosongwa na bamia. Wanangu waliumaliza wote. Fikeni saa kumi na mbili, kabla foleni hazijawa ndefu na watoto hawajaanza kusinzia.