Kifungu cha Sauti Katika Mkataba

SWALI: Mhariri, kazi yangu ni kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za kigeni. Mkataba mpya niliopewa unasema rekodi zangu zinaweza kutumiwa "kwa teknolojia yoyote iliyopo au itakayobuniwa". Nasikia waigizaji wa Marekani waligoma kwa sababu ya akili mnemba. Walipata nini, nami kinanihusu vipi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Mgomo wa chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, ulianza tarehe 14 Julai 2023 ukaisha tarehe 9 Novemba, waandishi wa filamu wa chama cha WGA walikuwa wametangulia kugoma tangu Mei. Wengi hudhani waigizaji walitaka mashine ipigwe marufuku, lakini sivyo. Walichopata ni masharti: studio haiwezi kutengeneza nakala ya kidijitali ya mwigizaji, yaani sura au sauti yake iliyoundwa kwa kompyuta, na kuitumia bila idhini yake, na idhini yenyewe lazima ieleze waziwazi nakala hiyo itafanya nini. Studio ikimchukua vipimo vya sura, mwili au sauti akiwa kazini ili kuunda nakala hiyo, kisha ikaitumia nakala badala yake katika filamu ileile, humlipa siku ambazo angefanya kazi yeye mwenyewe. Waandishi nao walihakikishiwa kwamba hawatalazimishwa kutumia akili mnemba.

Makubaliano hayo huwafunga waajiri walioyatia saini tu, kwa hiyo studio yako haimo. Hata hivyo kifungu ulichoninukulia ndicho hasa ambacho wenzako walikikataa, kwa kuwa kinaomba ruhusa ya kila kitu bila kutaja chochote. Daini kiandikwe upya kitaje tamthilia, muda na malipo, na kieleze kama sauti yako itafundishia programu ya kuiga sauti. Hilo la mwisho usilisahau: makubaliano ya 2023 hayakuzuia kazi za waigizaji kufundishia mashine, na kwa maoni yangu huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Huendi mikono mitupu, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inautaja utambuzi wa sauti inapoeleza data za kibayometriki, yaani taarifa za maumbile na tabia zinazomtambulisha mtu, na inataka ridhaa iwe ya hiari na mahususi. Ila usiende peke yako. Zungumza kwanza na wenzako waliopewa mkataba huohuo, kwa sababu studio humbadilisha mtia sauti mmoja kwa urahisi, lakini si wahusika wote wa tamthilia iliyokwisha kuzoeleka masikioni mwa watazamaji.